Kadi za Krismasi za maganda ya mgomba: picha safi, gundi ya kuchunguzwa

Kwa Mkristo anayetaka kutuma heri zenye uzito kuliko "Krismasi Njema" tupu, kadi hizi zinazouzwa Maasai Market jijini Nairobi zinafaa. Picha ya hori au njiwa hukatwa kutoka maganda makavu ya mgomba na kubandikwa kwenye karatasi nene. Nyingi huachwa tupu ndani, na hiyo ndiyo sifa yake kubwa: unaandika dua yako mwenyewe. Luka 2:14, "na duniani iwe amani", huenea vizuri. Anayeombea nchi zilizo vitani atafaidi zaidi Isaya 2:4, panga kufuliwa ziwe majembe.

Kasoro iko kwenye gundi. Ikizidi, karatasi hujikunja. Ikipungua, ganda hubanduka pembeni. Pitisha ukucha ukingoni kabla ya kulipa. Karatasi iliyotengenezwa kwa mkono hufyonza wino, kwa hiyo kalamu ya jeli hutawanya herufi. Biro ya kawaida ni salama. Kadi ya A6 huingia bahasha ya C6, milimita 114 kwa 162, lakini picha iliyoinuka huweza kubana. Ijaribu papo hapo.

Bei ni ya kupatana, hasa ukichukua dazeni. Ila usimkamue fundi: ni kioja kuwaombea maskini haki ndani ya kadi uliyoipata kwa kumpunja aliyeitengeneza.

Za ng'ambo zipeleke Posta mwezi wa Novemba, kila moja ikiwa na kipande cha kadibodi nyuma yake.