Sevoflureni kwa mtoto mchanga: inastahili bei yake?

Sevoflureni, dawa ya usingizi inayovutwa kama mvuke, inastahili, ila isiwe kitu cha kwanza kununuliwa. Hospitali yenye sevoflureni lakini haina kapnografu (kipimo cha kaboni dayoksaidi katika pumzi), wala mkanda wa presha unaomwenea kichanga, imeanzia mwisho.

Wazazi huuliza kwanza kuhusu ubongo, na hofu yao ina chanzo. Majaribio ya 1999 na 2003 yalionyesha seli za ubongo zikifa kwa vitoto vya panya vilivyopewa dawa za usingizi kwa saa kadhaa. Desemba 2016 mamlaka ya dawa ya Marekani, FDA, ikaonya kuhusu usingizi unaozidi saa 3 au unaorudiwa kwa watoto walio chini ya miaka 3. Lakini panya aliyelazwa usingizi saa 6 si mtoto anayepasuliwa ngiri (henia). Jaribio la GAS liligawa kwa bahati nasibu vichanga 722 waliopasuliwa ngiri katika nchi 7: wengine sevoflureni, wengine ganzi ya uti wa mgongo au ya mkiani (sindano ya chini kabisa ya mgongo) wakiwa macho. Muda wa kati wa usingizi ulikuwa dakika 54. Walipofika miaka 5, wastani wa IQ (kipimo cha akili) ulikuwa 98.97 kwa waliolazwa na 99.08 kwa waliopigwa ganzi. Hapo hakuna tofauti ya kubishania.

Shaka iliyobaki ni ya kurudia. Utafiti wa MASK wa Mayo Clinic, hospitali ya Marekani, 2018, haukuona IQ ikishuka, ila waliolazwa mara nyingi walikuwa nyuma kidogo katika kasi ya kufikiri na kazi za vidole. Haukuwa wa bahati nasibu, kwa hiyo huenda ni maradhi yenyewe. Hata hivyo, operesheni mbili zikiweza kufanywa kwa usingizi mmoja, zifanywe.

Kwa matumizi, sifa yake kubwa ni kwamba haikeri koo: mtoto anaivuta kwa maski bila kukohoa, na moyo unavurugika kidogo kuliko kwa halotheni, dawa ya zamani ya usingizi wa mvuke. Wengi huanza na asilimia 8. Kosa la kawaida ni kuiacha hapo huku watu wote wameinama wakitafuta mshipa. Presha inaporomoka, mapigo yanapungua, pumzi inakata. Akishalala, rudisha chini mapema. Kichanga huhitaji takriban asilimia 3.3, aliyevuka miezi 6 kama 2.5, na chini ya hapo ukiongeza ganzi ya mkiani.

Vepalaiza yake, kifaa kinachogeuza dawa kuwa mvuke, ni ya njano. Ya halotheni ni nyekundu. Halotheni ikimiminwa kwenye ya njano hutoka nyingi kuliko namba inavyosema, na yenyewe ni kali zaidi ya mara mbili. Huko ndiko kuua mtoto. Usikubali kifaa kisicho na mdomo wa kujazia unaokubali chupa moja tu.

Sasa ubongo wenyewe. Kinachouumiza chumbani kwa kawaida si mvuke, ni presha ya chini isiyoonekana kwa sababu mkanda ni mwembamba mno au haukufungwa kabisa. Ni kubonyeza begi kwa pupa mpaka kaboni dayoksaidi inashuka na mishipa ya kichwa inasinyaa (iweke 35 hadi 45 mmHg). Ni sukari kushuka baada ya kufunga kutwa nzima. Ni dripu yenye chumvi haba inayovimbisha ubongo. Pima presha kabla ya kumlaza, kisha kila dakika 3 hadi 5. Maziwa ya mama yanaruhusiwa hadi saa 3 kabla, maji hadi saa 1. Agizo la “asile tangu usiku” lifutwe.

Kasoro: watoto wa miaka 2 hadi 5 mara nyingi huamka wakirusha mikono na kupiga kelele bila kumtambua mama. Propofoli, dawa ya usingizi ya mshipani, miligramu 1 kwa kilo mwishoni hupunguza fujo hiyo.

Kwa njiti tungechagua ganzi ya uti wa mgongo, kwani katika GAS waliopigwa ganzi walikata pumzi mara chache kuliko waliolazwa katika nusu saa ya kwanza. Baadaye hatari ilikuwa sawa, hivyo oksimita (kipima oksijeni ya damu) ibaki mguuni hadi kesho yake vyovyote iwavyo.