Darasa ya jioni ya Kiingereza pale Kondele: wanajua kufundisha vihusishi

Watu wa Kisumu, kama Kiingereza unakielewa vizuri tu lakini ukifika kwa "in", "on" na "at" unaanza kubahatisha, kuna hii darasa ya jioni juu ya duka la simu pale Kondele, nendeni. Ni mia mbili kwa kipindi na pesa yako haipotei.

Kilichonifurahisha ni vile mwalimu haanzi na sheria za kukariri. Anaanza na Kiswahili chetu, anaonyesha vile hiyo -ni moja ya mwisho inabeba mzigo wote, tukisema ziwani tumemaliza, lakini Kiingereza kinataka kujua ziwani wapi hasa: mbuta yuko "in the lake", boti iko "on the lake", na sisi tunaokula samaki pale Dunga tuko "at the lake". Halafu usafiri, hapo darasa yote iliamka, unasema "in a tuktuk" lakini "on a boda boda" juu umeikalia, haujaingia ndani, na ukitaja tu njia uliyotumia ni "by tuktuk" bila ile "a".

Pale nilishika zaidi ni "by" na "until". Kwetu zote ni mpaka Ijumaa. Kuna mama fundi wa nguo tunasoma naye, wateja wake anawaandikia meseji kwa Kiingereza, sasa ukimwambia mtu gauni itakuwa tayari "until Friday" ni kama inapatikana tu hadi siku hiyo halafu basi, na wewe ulimaanisha "by Friday", Ijumaa au kabla. Hiyo ni biashara ya mtu jameni, si mambo ya mtihani.

Zile hazina sababu anakuambia wazi hazina, unashika neno pamoja na jirani yake: "good at", "depend on", "married to" hata kama sisi husema ameolewa na, na "discuss" haitaki "about" kabisa. Naheshimu mwalimu wa hivyo.

Kasoro ni kelele ya steji inayoingia dirishani, na pia wakifika kwa "look after" na "look into" wanakimbia sana, hizo zinataka kipindi chake. Ni Jumanne na Alhamisi saa kumi na mbili jioni, fika mapema, viti vya mbele huisha.