Stata ya Perkins ya zamani: ipi ununue, ipi uiache dukani

Fungua kifuniko cha injini cha boti ya faiba iliyoundwa Uingereza miaka ya 1970 na huenda ukakutana na injini ya dizeli ya Perkins 4.108: silinda nne, lita 1.76, nguvu za farasi kama 50. Ikitunzwa, boti itaoza iiache. Tatizo lake ni kuwaka. Mgandamizo wake ni 22 kwa 1, yaani hewa ndani ya silinda hubanwa hadi sehemu moja ya 22, na haina wenzo wa kuuachia mgandamizo walio nao wenye injini ndogo za Lister, kwa hiyo usitegemee kuizungusha kwa hendeli ya mkono. Stata ikigoma umebaki na tanga, kasia au simu.

Haya ni kwa anayetaka kubadilisha stata hiyo. Mwenye dizeli nyingine ya rika lile asome vilevile. Atabadilisha jina la injini tu.

Shilingi ya kwanza usiipeleke kwenye stata. Mimi niliipeleka. Nilinunua stata mpya, nikaifunga nimelala kifudifudi juu ya ngama, dizeli na maji ya chumvi yamenifika viwikoni, nikabonyeza swichi. Tak. Kimya. Mlio uleule wa stata ya zamani. Ubovu ulikuwa kwenye waya wa hasi unaofungwa kwenye bloku: kuna siku nilipiga injini rangi, nikaufunga ule waya juu ya rangi. Spana moja na kipande cha msasa vingetosha.

Basi chukua mita ya kupimia volti kwanza. Betri ya volti 12 iliyojaa na kupumzika isome 12.6 au zaidi. Mtu apige stata huku umeshika ncha za mita juu ya vichwa vya betri vyenyewe. Ikishuka chini ya 9.6, betri imechoka au stata inameza umeme kupita kiasi. Ikibaki 11 na injini bado inazunguka kivivu, hamishia mita kwenye stata: ncha moja kwenye nati kubwa, nyingine kwenye mwili wake. Ukisoma 8 pale ilhali betri ina 11, volti tatu zimepotelea njiani. Stata haina kosa.

Njia hiyo ni waya, viungo na swichi kuu. Stata ya namna hii inaweza kuvuta ampea 300 injini inapoanza kuzunguka. Chukulia waya wa shaba wa milimita mraba 25, mita 6 kwenda na kurudi: unapoteza volti 1.26. Weka wa 50, hasara inashuka hadi 0.63. Nunua wa 50, na kama betri ziko mbali na injini nunua wa 70. Shaba iliyopakwa bati ndiyo inayovumilia chumvi. Kabla hujalipa, kwangua uzi mmoja kwa kisu. Ukiona weupe ndani, hiyo ni aluminiamu iliyovishwa shaba, na madukani imejaa tele. Mrudishie mwenyewe.

Kingine cha kuangalia ni meno ya flaiwili, lile gurudumu zito nyuma ya injini ambalo stata hulikamata ili kuizungusha. Injini ya silinda nne hupenda kusimama sehemu mbili tu za mzunguko, kwa hiyo meno huliwa sehemu hizo mbili na kwingine yakabaki kama mapya. Dalili yake ni stata kusaga mara moja moja, kisha ukiizungusha injini kidogo kwa spana inakamata vizuri. Ukifunga stata mpya kwenye meno yaliyoliwa, itaharibika nayo. Ringi ya meno hutolewa kwenye flaiwili na kuvishwa nyingine ikiwa ya moto. Kuifikia ndiko kazi kubwa, maana gia boksi lazima itoke kwanza.

Ukimaliza hayo yote na stata bado ndiyo mbovu, sasa tuingie dukani.

Namba moja: stata ya gia

Hii ndani yake ina mota ndogo inayozunguka kwa kasi na gia ya kupunguza kasi hiyo ili nguvu ya kuzungusha iongezeke. Ni nyepesi kuliko ile stata ya asili ya Lucas au CAV, inavuta umeme kidogo, na inaizungusha injini haraka zaidi. Kwa 4.108 hilo la kasi ndilo la maana. Dizeli haina plagi ya cheche. Inawaka kwa joto la hewa iliyobanwa, na pistoni ikipanda polepole joto linavuja kupitia kuta za silinda na ringi zilizolegea. Injini iliyochakaa inayokataa kuwaka kwa stata ya asili, mara nyingi huwaka kwa hii kana kwamba imefanyiwa ovahoo.

Ubaya wake ni maji. Nyingi zina sumaku za kudumu zilizogundishwa ndani ya mwili, na chumvi ikiingia chini yake sumaku inabanduka. Pampu ya maji ya bahari ikivuja na matone yakaangukia stata, msimu mmoja unatosha kuiua. Tengeneza pampu kwanza, au ziba kwa kipande cha mpira juu ya stata. Nyingine ni kopi za ovyo zenye gia laini. Duka likikataa kuijaribu mbele yako, ondoka. Kujaribu ni rahisi: ifungwe kwenye jiliwa la fundi (isishikwe kwa mkono, itaruka), iunganishwe na betri, pinioni (kigia cha stata kinachokamata meno ya flaiwili) itoke mpaka mwisho na irudi bila kusita.

Beba ya zamani mkononi uende nayo. Hesabu meno ya pinioni, linganisha matundu ya bolti, pima kutoka uso wa flanji hadi ncha ya pinioni, angalia inazunguka upande gani. Injini hizi zilifungwa vifuniko vya flaiwili vya aina tofauti tofauti, kwa hiyo muuzaji kusema "hii ni ya 4.108" hakutoshi. Pinioni ikiwa imetulia iwe mbali na ringi kama milimita 3.

Namba mbili: kuisuka ya zamani

Kwa mwenye pesa kidogo na fundi mzuri, namba mbili inaweza kuwa namba moja. Stata za asili ni chuma na shaba tupu, na mafundi wa kusuka mota wapo kila mji wa pwani. Kaboni, bushi, solenoidi na pinioni ndivyo vinavyokufa, mwili haufi. Mwambie fundi unataka armacha (sehemu ya mota inayozunguka) ipimwe kama ina shoti, komyuteta (duara la shaba ambalo kaboni husugua) isawazishwe kwenye mashine ya kukereza na si kusuguliwa kwa msasa peke yake, bushi za shaba zilowekwe kwenye oili siku nzima kabla ya kupigwa, na koili zipakwe vanishi. Omba akurudishie vipuri vibovu. Fundi aliyebadilisha kweli hatakasirika.

Kama stata yako ni ile ya kizamani zaidi, ambayo pinioni inarushwa kwa mzunguko wake yenyewe, mafundi huiita bendeksi. Usiipake grisi kamwe. Grisi inakusanya uchafu, pinioni inaganda, na unaishia kusikia mota inavuma peke yake. Isafishe, iache kavu.

Ningekuwa na uwezo, ningefanya zote mbili: ya gia kwenye injini, ya zamani isukwe na iwekwe kwenye ndoo ya plastiki yenye mfuniko chini ya kitanda cha nahodha.

Namba tatu ni kopi mpya ya stata ya asili. Inaingia bila maswali, matundu yanakubali, na bei yake huwa nafuu kuliko ya gia. Lakini unalipia uzito uleule na kiu ileile ya umeme, na shaba yake mara nyingi ni nyembamba kuliko ya zamani unayoitupa. Nunua tu kama mwili wa ile yako umepasuka.

Namba nne: stata ya springi

Hii sipendekezi kama stata pekee, ila naiheshimu. Unaipachika mahali pa stata ya umeme, unaizungusha kwa mkono mpaka springi zibanwe, unavuta wenzo, injini inazunguka. Hakuna betri, hakuna cheche, ndiyo maana zinaonekana kwenye boti za uokoaji na sehemu zenye gesi. Kanuni za kimataifa zinadai injini ya boti ya uokoaji iwake kwenye nyuzi 15 chini ya sifuri ndani ya dakika 2, iwe kwa mkono au kwa vyanzo viwili vya nguvu vinavyojitegemea.

Kwa 4.108 iliyozeeka mtego wake ni huu: springi inakupa mizunguko michache tu. Injini yenye nozeli safi na mgandamizo kamili itawaka. Ile yako inayohitaji sekunde saba za kubembelezwa haitawaka, na utabaki unazungusha hendeli jua likizama.

Stata ya haidroliki naiweka mwisho. Tangi la nitrojeni, pampu ya mkono, mabomba ya shinikizo linalofika baa 200: kitu kizuri sana kwenye meli ya kazi, mzigo kwenye boti ya mita 9.

Na ya mtumba iliyochomolewa kwenye lori? Hapana. Hata ikiingia, hujui imekunywa mafuriko mangapi. Mwenye boti ya chuma au aluminiamu ana sababu ya pili: anahitaji stata yenye nguzo mbili, ambayo umeme wake wa kurudi haupiti kwenye mwili wa injini, la sivyo umeme unaopotea unaweza kumlia bodi. Za magari kwa kawaida haziko hivyo. Boti ya mbao au faiba haina shida hiyo.

Siku ya kufunga, toa waya wa hasi wa betri kwanza. Pitisha msasa mahali stata inapokaa mpaka chuma king'ae, kaza bolti, kisha paka grisi juu ya viungo vya waya vikishakazwa, si kabla. Sasa funga vali ya maji ya bahari. Hili watu hulisahau: injini ikizungushwa muda mrefu bila kuwaka, pampu inaendelea kusukuma maji kwenye eksozi, hakuna moshi wa kuyatoa, yanajaa na kurudi ndani ya silinda. Maji hayabanwi, stata yako mpya yenye nguvu itapinda kitu. Piga sekunde kumi, pumzisha dakika, piga tena. Usinyunyize etha kwenye mdomo wa hewa, kwa sababu 4.108 nyingi zina Thermostart, kifaa kinachochoma dizeli mlemle ndani ya manifoldi, na viwili hivyo vikikutana vinalipuka. Injini ikishika tu, fungua vali, chungulia nyuma maji yanatoka.