Kalibu ya kumiminia chubwi: ipi ununue Dar es Salaam

Anayevua kwa mshipi kwenye miamba hupoteza chubwi, yaani kizito cha madini ya risasi kinachozamisha ndoano, karibu kila akitoka, na siku za bamvua, maji yanapojaa na kupwa sana, mkondo humlazimu kufunga nzito zaidi. Ndiyo maana wengi huamua kumimina zao wenyewe. Risasi haina ugumu kuyeyuka, nyuzi 327 za Selsiasi zinatosha. Chubwi ikitoka na makunyanzi, mapovu au mabawa ubavuni (risasi iliyovuja kwenye mshono), mara nyingi chanzo ni kalibu, yaani chombo kinachoipa umbo. Mpangilio huu ni wa mtu anayetaka chubwi za gramu 60 hadi 200 kwa matumizi yake na nyingine chache za kuuza.

1. Alumini, vipande viwili, mikono ya mbao

Hii ndiyo ya kununua. Alumini hupata moto haraka, haishiki kutu ya hewa ya bahari, na risasi haigandi kwenye kuta zake. Mashimo mawili au matatu yanatosha. Kalibu ya mashimo sita inavutia dukani, lakini ni nzito mkononi, na ukifika shimo la mwisho risasi iliyo kwenye upawa imeshaanza kupoa.

Ukiagiza kwa mafundi wa eneo la Gerezani, sema mapema kwamba unataka kipande kilichokatwa kutoka kwenye nondo au bamba la alumini, si kilichosubiwa, yaani kuyeyushwa na kumiminwa, kwa pistoni na sufuria chakavu. Alumini ya kusubu mchangani huwa na vitundu ndani, na vitundu hushika unyevu. Kuta zinazozunguka shimo ziwe na unene wa milimita 10 au zaidi, vipande vishikane kwa pini mbili za chuma za milimita 5 au 6, na mikono isipungue sentimita 12. Mdomo wa kumiminia uwe kama faneli, upana wa milimita 8 hadi 10 kwa chubwi ya gramu 100. Mdomo mwembamba huganda kabla shimo halijajaa, na kwa kuwa risasi husinyaa inapoganda, chubwi inabaki na tundu juu.

Usilipe kabla ya kuikagua kwa njia mbili. Kwanza ifunge, weka taa ya simu upande mmoja wa mshono na uchungulie upande wa pili. Mstari wa mwanga ukionekana, kila chubwi itatoka na bawa la kukwanguliwa kwa kisu. Pili, chukua bomba la sindano ujaze shimo maji huku ukihesabu mililita, kisha zidisha kwa 11.3 upate gramu. Mililita 9 ni kama gramu 100. Fundi anaweza kukuambia shimo ni la gramu 150 kumbe ni 110, na hilo utaligundua mtumbwini mkondo ukiivuta chubwi yako. Baada ya kipimo hicho kalibu ikaushwe juu ya jiko mpaka iwe moto kabisa. Tone moja la maji likifunikwa na risasi iliyoyeyuka hugeuka mvuke papo hapo, na mvuke huo huirusha risasi usoni.

Alumini ina udhaifu mmoja: ikiwa baridi, huipoza risasi upesi mno. Ipashe moto pembeni mwa jiko, na chubwi nne tano za mwanzo zirudishe chunguni. Makunyanzi yakiendelea, fukiza mashimo kwa moshi wa mshumaa mpaka yapate masizi mepesi. Uso wa chubwi ukitoka na ukungu wa kijivu kama umepuliziwa unga, sasa kalibu imezidi moto, ipumzishe. Usiichovye majini ili ipoe, itapinda na mshono hautafunga tena.

2. Chuma, mtindo wa koleo

Ni mtindo wa zamani ule wa kalibu za risasi za gobore: nusu mbili kwenye bawaba moja, unafungua na kufunga kama koleo. Inadumu kuliko zote, na ikishapata moto hutulia, kwa hiyo chubwi zinafanana. Tatizo lake ni Dar yenyewe. Ukiiacha wiki moja bila mafuta karibu na pwani, kutu inaingia kwenye mashimo, na chubwi inaanza kung'ang'ania. Ukiipaka mafuta, lazima uyafute na uyachome yaishe kabla ya kumimina, maana mabaki yake huleta makunyanzi.

Ukikuta iliyotumika, angalia bawaba. Ikilegea, nusu hazikutani sawasawa na chubwi inatoka imepanda upande mmoja. Kalibu ya duara tupu iache, kwa sababu tufe hubingirika chini na halina pa kufungia mshipi.

3. Shaba ya njano

Nzuri kuitumia na haina kutu, ila ni nzito na ghali kuliko alumini bila faida inayolingana. Risasi yenye bati ndani yake, kama ile ya kuchomelea waya, inaweza kushikana na shaba. Chagua hii ukiipata kwa bei ya kuokota.

4. Silikoni

Inatoa umbo safi, lakini nyingi zinazouzwa hazikutengenezwa kuvumilia nyuzi 350 hadi 400 unazomiminia risasi. Hukauka, hupasuka midomo, na hutoa harufu ambayo si ya kuvuta.

5. Plasta ya POP (jasi) na mbao

Usinunue. Plasta hata ikionekana kavu ina maji yaliyofungwa ndani yake, na hayatoki mpaka ipashwe kupita nyuzi 100. Ndiyo inayoongoza kwa kutema risasi. Mbao huungua ukuta baada ya mara chache. Zote mbili zinafaa tu kumwonyesha fundi umbo unalotaka akuchongee la alumini.

Umbo

Kwa miamba, chagua umbo la tone refu lenye kitanzi cha waya juu. Linateleza kutoka kwenye nyufa. Kwa mchanga, bapa linashika zaidi. Kitanzi kiwe cha waya usioshika kutu wa milimita 1.2, miguu yake ikunjwe nje kabla ya kumimina ili samaki mkubwa asiuchomoe.

Vitu vya kununua pamoja nayo

Chungu kiwe cha chuma tupu. Sufuria ya alumini juu ya mkaa unaopulizwa inaweza kutoboka, na karai la mabati lina zinki itakayoharibu risasi. Chungu na upawa visirudi jikoni. Nunua glovu za ngozi, miwani, na vaa viatu vya kufunika huku suruali ikiangukia nje ya kiatu. Fanya kazi nje, upepo mgongoni, watoto na wajawazito mbali, na siku ya manyunyu acha kabisa. Barakoa ya kitambaa haizuii mvuke wa risasi. Nawa kwa sabuni kabla ya kugusa chakula au sigara.

Risasi yenyewe hupatikana kwa wauza vyuma chakavu na kwenye gereji za matairi. Vizani vya magurudumu (vipande vya kusawazishia tairi) vilivyoandikwa Zn (zinki) au Fe (chuma) vitenge. Risasi hukwaruzika kwa msumari bila nguvu na huchora mstari wa kijivu kwenye karatasi. Vingine vikikuponyoka, usipitishe nyuzi 400: zinki huyeyuka kwenye 419, kwa hiyo itaelea ikiwa ngumu na utaiopoa. Kama huna kipimajoto, angalia uso wa risasi baada ya kukwangua utando. Ukigeuka njano kisha zambarau haraka, moto umezidi. Chubwi za zamani zilizotoka baharini ziweke chunguni kikiwa bado baridi, kamwe usizitupie kwenye risasi iliyokwisha yeyuka. Betri za gari usivunje hata kwa bei ya bure: tindikali ni nusu tu ya balaa, na taka za kuyeyusha baadhi ya bamba zake zikikutana na unyevu hutoa gesi yenye sumu kali.