Ziara za mashamba ya kahawa Kiambu: usingoje mavuno, nenda wakati wa maua

Watu wakiuliza ni lini waende kutembea shamba la kahawa wanaambiwanga wangoje Oktoba mpaka Disemba, matunda yakiwa mekundu na wachumaji wako shambani. Sikatai, huo ni wakati mzuri. Lakini mimi nawaambia nendeni Machi ama Aprili, siku chache baada ya mvua ya kwanza ya maana, mkute imechanua, juu hiyo ndio sehemu ya ziara ambayo hakuna mtu anaitangaza na ndio ilinifanya nisijute hata shilingi moja.

Naongea kuhusu yale mashamba makubwa ya upande wa Kiambu ambayo siku hizi yanapokea wageni, mnazungushwa masaa mawili matatu hivi, mnaonyeshwa miti, kiwanda, vile kahawa inakaangwa, mwisho mnaketi mnaonja. Nilienda moja na mama yangu. Baadaye, wakati wa kuvuna, tukaenda kwa mjomba Gatundu ambaye ana miti yake nyuma ya nyumba na anapeleka kahawa kwa kiwanda cha ushirika, hakuna tiketi hapo wala mtu wa kukuzungusha, na nitaongea juu ya zote mbili maana moja bila ingine ni nusu ya hadithi.

Tuanze na maua. Mkahawa ukichanua tawi lote linakuwa jeupe, maua yamejipanga kwa kila kifundo kuanzia karibu na shina mpaka nchani, majani yanachungulia tu hapa na pale. Na harufu! Ni asmini kabisa, mtu wa Mombasa akifungwa macho aletwe hapo atauliza nani anaolewa. Tulifika mapema, umande bado uko, nyuki wamejaa mpaka unasikia shamba linavuma, na mama akanyamaza kabisa, mtu ambaye njia nzima kutoka Muthaiga alikuwa anaongea.

Kijana aliyetutembeza alieleza vizuri sana kwa nini yote yanafunguka kwa pamoja. Vichipukizi vya maua vinakuwa vimelala wakati wa kiangazi cha Januari na Februari, na mti unahitaji huo ukavu, bila kiu hauchanui sawasawa. Halafu mvua ikipiga, ndani ya wiki moja ama siku 10 hivi shamba linalipuka lote asubuhi moja. Na hapo una siku mbili tatu tu, baada ya hapo yanaanza kugeuka rangi ya kahawia na kuanguka. Kwa hivyo usibuki mwezi mzima mbele ukidhani utapata. Chukua namba yao, mvua ikinyesha hesabu wiki, piga simu uulize kama imechanua. Hapo nina la kuwaambia hao wenye mashamba: mnaposti picha za vikombe kila siku, mbona siku ya maua hamposti? Watu wa Nairobi wangekuja na familia zao zote asubuhi hiyo hiyo.

Maana angalia, kila mwaka Juni na Julai simu zinajaa picha za lavenda ya Ufaransa, ule uwanda wa Valensole na mistari ya zambarau mpaka macho yanachoka, watu wanatafuta viza na kulipa ndege kwenda kuiona, na ni nzuri kweli, mimi pia ningependa kufika. Ila kuna tofauti moja ambayo nimeifikiria sana tangu ile siku. Kule ua lenyewe ndio mavuno. Lavenda inakatwa ikiwa na maua yake, siku hizi mashine ndio inakata sehemu kubwa, inapikwa kwa mvuke itoe mafuta, na mji wa Sault unafanya sherehe yake ya lavenda tarehe 15 Agosti, kwa hivyo mgeni aliyekuja kuona maua amekuja kuona mwisho wa kazi. Ua la kahawa hakuna anayelichuma. Linaanguka lenyewe, na likianguka ndio kazi inaanza, miezi 7 mpaka 9 ya kupalilia, kupogoa, kupuliza dawa na kungoja. Ndio maana mgeni anaangalia maua na mkulima anaangalia mawingu. Mvua ya mawe ikija hiyo wiki, mavuno yameenda, na baridi ya unyevu ikikaa sana unaingia ule ugonjwa wa CBD (coffee berry disease) ambao unashika maua na matunda yakiwa bado machanga, unayaona yanakuwa meusi moja moja.

Kila ua likishika ni tunda moja, na tunda kwa kawaida lina mbegu mbili. Kijana akatuambia kikombe kimoja kinakula mbegu kama 70, piga hesabu, ni kama maua 35 hivi. Akatuambia hayo kwa sababu kuna kundi lilikuwa mbele yetu limeanza kuvunja matawi ili wapige picha nayo kichwani, na hakuwafokea, aliwapigia tu hiyo hesabu na wakaacha. Tafadhali, mkienda msivunje. Piga picha mti ukiwa mti.

Na huyo kijana nampa alama zote, kwa sababu ya vile alimshika mama. Alikuwa anatuonyesha matunda machache mekundu, maana Aprili yale ya msimu mdogo yanaanza kuiva na unaweza kukuta ua na tunda kwa mti mmoja, akamuuliza, "Mum, wewe umewahi kuchuma hii?" Mama akasema nimechuma nikiwa mdogo kuliko wewe. Basi akampisha, akamwambia tuonyeshe. Na mama, mtu wa miaka zaidi ya 60, akashika tawi kwa mkono mmoja akalivuta chini pole pole, kwa ule mwingine akazungusha tunda kidogo likatoka bila kikonyo, akasema ukinyofoa unaumiza mti na mama yake angemchapa. Wageni wote wakaanza kumuuliza maswali yeye. Kijana mwingine angeona amenyang'anywa kazi, huyu alikuwa anatafsiria wageni huku anatabasamu.

Historia yao ukutani ndio haikuniridhisha. Wameandika vile wamisionari Wakatoliki walipanda kahawa Bura kule Taita mwaka 1893 halafu ikafika misheni ya St. Austin's hapa Nairobi, sawa, halafu wanaruka moja kwa moja mpaka kahawa ya Kenya kusifiwa dunia nzima. Hapo katikati hakuna kitu! Hakuna mahali wamesema Mwafrika alikuwa amezuiwa kupanda kahawa, kwamba ni miaka ya 1930 ndio walianza kuruhusu kidogo kidogo Kisii, Embu na Meru, na ni baada ya mpango wa Swynnerton wa 1954, ule wa kilimo wa serikali ya mkoloni, ndio wakulima wadogo walifunguliwa mlango kwa wingi. Mama alisimama mbele ya hiyo ukuta muda mrefu. Baba yake alichuma kahawa ya wengine miaka mingi kabla ya kuwa na mti wake mmoja. Hiyo si siri, iko kwa vitabu, na mgeni aliyelipa kiingilio anastahili kuambiwa.

Miti yenyewe inaelezwa vizuri. Kuna aina za SL28 na SL34, zilichaguliwa Scott Laboratories, maabara ya kilimo pale Kabete, miaka ya 1930, hizo ndio zinabeba ule uchachu wa matunda ambao watu wanaifuatia kahawa ya Kenya, lakini CBD na kutu ya majani zinazisumbua sana. Halafu kuna Ruiru 11 ya 1985, mti mfupi unaostahimili magonjwa, na Batian ya 2010. Unazionyeshwa zote kwa shamba moja, unasimama katikati unalinganisha kimo.

Kuonja kulikuwa kuzuri na sitakaa sana hapo. Mnafyonza kwa kijiko kwa sauti, bila aibu. Nilichopenda ni vile walisema wazi kwamba daraja la AA ni ukubwa wa mbegu tu, si kwamba ladha lazima ishinde AB ambayo ni ndogo kidogo, na PB ni ile mbegu moja ya mviringo inayokua peke yake ndani ya tunda. Pia wakatueleza mnada wa Jumanne pale Wakulima House, jengo ambalo nimelipita maisha yangu yote nikienda stage na sikujua sehemu kubwa ya kahawa ya nchi inapigiwa bei humo ndani. Pakiti zao ni ghali kuliko za supamaketi lakini imekaangwa juzi, nunua. Kitu ningeongeza ni kahawa chungu. Zaidi ya asilimia 90 ya kahawa yetu inaenda nje, sisi ni watu wa chai, ila Pumwani na Eastleigh kuna wazee wanauza kahawa kutoka kwa dele iliyokaa juu ya makaa, na tangawizi, vikombe vidogo, na hiyo ndio desturi ya kahawa ambayo mji huu umekuwa nayo bila kufundishwa na mtu. Maliza ziara na dele na kashata, mtu ataenda nyumbani ameridhika.

Sasa Gatundu kwa mjomba, Novemba. Hapa ndio nilielewa kitu ambacho shamba kubwa halikunionyesha. Siku ya kuchuma inajulikana, kwa sababu kiwanda kinatangaza siku ya kupokea, kwa hivyo majirani wanakuja kusaidiana, ngwatio, leo kwako kesho kwangu, na mwenye shamba anapika. Tulianza na giza. Kila mtu ana debe lake ama kikapu kimefungwa kiunoni, unachuma jekundu peke yake, la kijani unaliacha lingojee duru inayokuja. Mchana mnamwaga yote juu ya magunia chini ya mti na kina mama wanakaa kuchambua, kijani huku, iliyokauka huku, hiyo iliyokauka inaenda kuwa mbuni na bei yake ni ya chini. Hapo kwa magunia ndio stori zote za kijiji zinaongelewa, nani ameoa, nani ameuza shamba, mtoto wa nani ameitwa chuo. Shangazi alimpa mama kistuli bila kumuuliza, akakaa, vidole vikaanza kazi vyenyewe.

Jioni mnabeba kiwandani, foleni, karani anaangalia debe lako, akiona kijani anakurudisha uchambue tena mbele ya watu. Halafu mzani, risiti, na kahawa inaingia kwa mashine ya kumenya usiku huo huo, inachachushwa, inaoshwa kwa mifereji kwa maji safi, inaanikwa kwa meza ndefu ambapo mtu anaifunika jua likiwa kali na anaifunua likipoa. Kilo 6 ama 7 za matunda zinatoa kilo moja tu ya kahawa safi. Pesa yenyewe inakuja miezi mingi baadaye. Mjomba haongeangi sana juu ya hiyo pesa, lakini watoto wake wamesoma na hiyo miti na amekataa kuikata, wakati majirani wawili upande ule tayari wameng'oa wakajenga vyumba vya kukodisha.

Na ukitoka Nairobi kwenda Kiambu angalia madirisha yote mawili ya matatu. Runda ilikuwa kahawa. Migaa ilikuwa kahawa. Hata Tatu City kule Ruiru, kahawa. Msimu wa 1987/88 Kenya ilitoa zaidi ya tani 120,000, siku hizi tunazunguka kama tani 50,000. Mama alikuwa ananionyesha kwa kidole, hapa palikuwa na shamba, hapa pia, na mimi naona ukuta na geti.

Malalamiko yangu makubwa kwa shamba kubwa ni moja. Tulipita wanawake wanapalilia kati ya miti yenye maua, wakatusalimia, tukawasalimia, tukapitishwa haraka kuelekea kiwandani. Mama alitaka kusimama awaulize debe moja siku hizi wanalipwa pesa ngapi na wanachuma madebe mangapi kwa siku, na tukaambiwa muda umeenda. Kahawa ya Kenya inachumwa na mkono tunda kwa tunda, halafu ziara ya masaa matatu haina dakika 10 za mtu mwenye huo mkono! Muwalipe huo muda na muwaweke waongee kwa lugha yao, kijana yule anaweza kutafsiri vizuri kabisa. Nyota 4 kwa 5, na hiyo moja inawangoja hapo.

Kufika ni rahisi, matatu za namba 100 kutoka tao, unashuka ukipita Thindigua ama unaenda mpaka Kiambu mjini kulingana na shamba, halafu boda. Uliza bei ya mkazi kabla ya kulipa, huwa iko chini ya ile ya mgeni, na M-Pesa wanachukua. Vaa viatu vya kufungwa juu ule udongo mwekundu baada ya mvua unateleza vibaya na hautoki kwa nguo nyeupe. Omba zamu ya asubuhi, harufu ikiwa bado iko chini kabla jua halijapanda. Na kama nyumbani kuna mzazi ama shosho aliyewahi kuchuma kahawa, mlipie yeye kwanza kabla ya kumlipia rafiki, halafu mwambie huyo wa kuwatembeza mapema kwamba mko naye.