Laptop iligoma kuwaka, mafaili yakatoka salama: uzoefu wangu kwa fundi wa Majengo, Dodoma

Fundi akikwambia "tupige Windows upya", yaani afute iliyopo na kuweka nyingine, kabla hajakuuliza ndani ya laptop kuna nini, mshukuru, beba mashine yako, nenda kwingine. Hapa Dodoma nimepita kwa mafundi wawili kwa tatizo hilohilo moja. Wa pili nampa nyota nne kati ya tano. Wa kwanza sina nyota ya kumpa.

Mimi ni mwalimu wa sekondari. Laptop yangu betri yake ilishachoka siku nyingi, ikawa inaishi kwa chaji tu. Jioni moja ikiwa katikati ya kujiapdeti, umeme ukakatika. Uliporudi, ikawa taa inawaka, feni inavuma, nembo inatokea, vile vidoti vinazunguka, kisha inaandika kwamba inajitengeneza, inazima, inaanza tena mwanzo. Ukiiacha, inakesha hivyohivyo.

Ndani yake mlikuwa na mitihani na maandalio ya masomo ya miaka, vyeti vyangu nilivyoskani, nakala ya hati ya kiwanja, picha za watoto tangu wako mgongoni, na sauti ya marehemu bibi niliyomrekodi akisimulia ukoo wetu kwa Kigogo. Na juu ya vyote, Excel ya kikoba chetu: hisa, mikopo, faini za wachelewaji. Mweka hazina ni mimi, Desemba tunavunja. Jaribu kuwaambia akina mama wa Nkuhungu kwamba hesabu zao zimekwama kwenye vidoti vinavyozunguka.

Duka la kwanza liko katikati ya mji, zuri, lina kioo na kiyoyozi. Kijana aliwasha, akaangalia kidogo, akasema, "Mama, hii Windows imekufa. Tunapiga upya, elfu ishirini, jioni unapitia."

"Na vitu vyangu?"

"Vilivyoko D vitabaki."

C na D ni vyumba ambavyo diski moja hugawanywa. Sina D mimi. Laptop nyingi za siku hizi zinakuja na C peke yake, na kila unachohifadhi Desktop, Documents, Pictures au Downloads kinakaa hukohuko C, pamoja na Windows yenyewe. Nilipomwambia hivyo akajibu kwamba kuna programu za kurudisha vilivyofutika, nisiwe na wasiwasi. Hapo ndipo nilipoichukua mashine yangu. Baadaye fundi wa pili alinieleza kwa nini yale maneno yalikuwa ya hatari kuliko nilivyodhani. Kwenye diski za zamani, zile zenye sahani zinazozunguka, ukifomati haraka haraka data huwa bado ipo mpaka iandikwe kitu juu yake, ndiyo maana programu kama PhotoRec zinaweza kuokota picha zilizofutwa. Kwenye SSD, diski za kisasa zisizo na kinachozunguka, Windows ikifomati inaiambia diski kwamba nafasi hizo hazina kazi tena, na diski yenyewe inazisafisha kimyakimya. Ukija na programu yako ya kuokota, unakuta hakuna cha kuokota. Laptop yangu ni ya SSD, na yako huenda ni hivyo pia.

Mwalimu mwenzangu ndiye aliyenielekeza kwa fundi wa Majengo. Kibanda chake kipo mtaa wa nyuma ya soko, wapakuaji wa nyanya wanapita na matenga mlangoni, na meza yake imejaa laptop zilizofunguliwa matumbo. Ukiangalia kwa macho tu, unaweza kugeuza. Lakini swali lake la kwanza lilikuwa, "Mama, humu ndani kuna nini unachokihitaji, na kipi ukikikosa utaumia zaidi?" La pili, kama ilianguka. La tatu, kama imewahi kulia ko-ko-ko. Akaiwasha, akainamisha sikio kwenye kona ya kibodi, akasikiliza, akaizima.

Alipoigeuza akaona kifuniko cha chini kimebinuka kidogo. Betri ilikuwa imevimba. Akasema hatainakili data saa nzima juu ya betri ya namna hiyo, akaifungua. Nilipenda alivyofanya. Alikuwa na vizibo vya soda vimepangwa mezani, na kila skrubu aliyoitoa aliiweka kwenye kizibo chake kwa mpangilio wa mahali ilipotoka. Nikamuuliza kwa nini asizichanganye tu. Akanionyesha mbili: moja fupi, nyingine imeizidi kwa urefu kiasi cha punje ya mchele. Ukiiweka ndefu mahali pa fupi, inatoboa inapofika bodi. Feni ilikuwa imevaa vumbi la hapa kwetu, jekundu, limeshikana kama blanketi. Akalipuliza nje ya mlango, akachomoa betri, akaichomeka laptop kwenye UPS (kisanduku chenye betri ya akiba), kwa kuwa bila betri umeme ukikatika tena tungerudi kulekule.

Kisha akachomeka flashi yenye Ubuntu. Wengi hapa wanadhani hiyo ni Windows nyingine inayokwenda kufuta ya kwako, kwa hiyo niifafanue kidogo. Ubuntu ni mfumo kamili, wa bure, unaoweza kuendeshwa moja kwa moja kutoka kwenye flashi bila kusakinishwa. Unaiwasha laptop, unabonyeza kitufe cha kuchagua pa kuanzia (kwa HP huwa ni F9, kwa Dell na Lenovo nyingi ni F12), unachagua flashi, kisha unachagua kujaribu tu na siyo kusakinisha. Kompyuta inaamka kwa akili ya flashi, na diski yako inaonekana pembeni kama eksteno, yaani diski ya nje ya kuchomeka. Windows iliyokufa haiguswi. Iliyoharibika ni njia ya kuingilia ndani, vitu vyenyewe viko palepale vilipokuwa. Mwenye moyo wa kujaribu anaweza kulifanya hili nyumbani, anachohitaji ni flashi ya GB 8 na kompyuta ya jirani ya kuitengenezea.

Diski ilionekana, lakini tulipoibonyeza ikaomba ufunguo. BitLocker, kufuli la Windows linalofunga diski nzima. Mimi sijawahi kuweka kitu hicho, na nikamwambia hivyo. Akacheka, "Madam (alishajua ni mwalimu), hii haikuombi ruhusa." Laptop nyingi mpya, ukiziwasha mara ya kwanza na kuingia kwa akaunti ya Microsoft, zinafunga diski zenyewe, na ufunguo wa tarakimu 48 unahifadhiwa kwenye akaunti hiyo mtandaoni. Bila tarakimu hizo, uende kwa fundi wa Dodoma au wa Marekani, hakuna wa kukufungulia. Sasa laptop hii aliyeiwasha siku ya kwanza ni mwanangu, yuko Morogoro anasoma SUA, na alitumia akaunti yake. Nikampigia, hapokei, yuko darasani. Nikakaa kwenye kigoda nikitazama matenga yakipita, roho juu.

Nilipokuwa nasubiri akaingia kijana na laptop kuukuu. Ilipowashwa tu, ikaanza: ko, ko, ko. Fundi aliizima kabla hata skrini haijatoa mwanga. Akamwambia kile ni kichwa cha kusomea ndani ya diski kinachogonga, na kila ukiwasha kinaweza kuzidi kukwangua sahani zenye data. Kijana akamsihi aifungue diski yenyewe ajaribu. Akakataa katakata. Diski ya namna ile inafunguliwa kwenye chumba maalumu kisicho na vumbi, siyo Majengo. Akamwambia kama vitu vyake ni vya thamani asiiwashe tena, atafute wanaofanya kazi hiyo rasmi, na ajiandae kwa bei. Hakumtoza hata senti. Mimi nilipoona anaikataa pesa iliyokuja yenyewe mlangoni, ndipo nilipotulia.

Mwanangu akapiga, akaingia kwenye akaunti yake kwa simu, sehemu ya vifaa, akakuta ufunguo umekaa hapo. Akanitumia kwa WhatsApp, makundi manane ya tarakimu sita sita. Fundi akanisogezea kibodi niandike mwenyewe. Diski ikafunguka.

Folda ya Desktop ikawa tupu. Nadhani nilipiga kelele. Kumbe Windows ilikuwa imeihamishia Desktop yangu ndani ya folda ya OneDrive (hifadhi ya mtandaoni ya Microsoft) bila mimi kujua, na humo vitu vyote vilikuwepo. Angalia sana hapa ukiwa unatoa vitu vyako: unaingia C, Users, jina lako, na usiridhike na Desktop na Documents za juu, fungua na OneDrive. Lakini pia ndani ya OneDrive kuna mafaili ambayo ni jina tu. Mwili wake uko mtandaoni. Ukiyanakili kutoka Ubuntu yanagoma. Hayo hayajapotea, unayapata kwa kuingia kwenye akaunti kwa njia ya kawaida. Kwangu yalikuwa machache, mitihani ya zamani.

Alinakili kwa mpangilio niliompa mwanzoni: kikoba, vyeti na hati, sauti ya bibi, mitihani, picha, video mwisho. Sababu yake ni kwamba diski inayosumbua inaweza kukata pumzi katikati, kwa hiyo vidogo vya thamani vinatangulia. Na alinakili moja kwa moja kwenda kwenye eksteno yangu, siyo kwanza kwenye kompyuta yake halafu kwangu. Kwa mwanamke mwenye picha za familia hili ni jambo kubwa kuliko bei. Tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, ilianza kutumika Mei 2023, lakini picha yako ikishabaki kwenye kompyuta ya mtu, kuifuatilia kisheria ni safari nyingine.

Video ya send-off ya mdogo wangu ilikataa kwenda, ikidai faili ni kubwa mno wakati eksteno ina nafasi tele. Ilikuwa imefomatiwa kwa FAT32, mpangilio wa zamani wa kuhifadhi mafaili, ambao haupokei faili moja lenye zaidi ya GB 4. Ikabidi vilivyokwishanakiliwa vihamishiwe kwenye diski tupu aliyokuwa nayo, eksteno ifomatiwe kwa exFAT, mpangilio usio na kikwazo hicho, vyote virudishwe, na ile diski yake aifute mbele yangu. Kazi ikawa ndefu na mimi nikawa mkali kidogo. Eksteno angeikagua kabla hatujaanza. Nusu ya nyota iliyopungua iko hapo.

Nusu nyingine ni meza yake. Skrini inaangalia mlango, na kila anayekuja kuulizia chaji anaona picha zako. Nilimwomba aigeuze, akaigeuza, lakini isingekuwa lazima niombe. Risiti hakunipa mpaka nilipomdai.

Kabla sijaondoka alinitaka nichomeke eksteno kwenye laptop nyingine nifungue vitu mwenyewe, siyo kuhesabu folda. Nikafungua Excel ya kikoba mpaka ukurasa wa mwisho, picha za mwanzo na za mwisho, nikamsikiliza bibi kidogo. Wapakuaji wawili wakasimama mlangoni kumsikiliza naye, mmoja Mgogo akacheka pale bibi anapomsema shemeji yake. Ndipo nikaruhusu Windows ipigwe upya. Kilichokosekana ni nywila zilizokuwa zimehifadhiwa kwenye kivinjari. Zile zinafungwa na Windows ileile iliyozihifadhi, hazihami kwa kunakili folda tu. Nimezibadilisha moja moja.

Kwa wale ambao laptop zao zimekufa kabisa, haziwashi hata taa, flashi ya Ubuntu haiwasaidii. Hapo diski inatolewa na kusomwa kwenye mashine nyingine. Za zamani za SATA (aina ya kiunganishi) zinahitaji kebo ya SATA kwenda USB tu. Zile ndogo nyembamba kama kipande cha bigijii ni M.2, nazo ziko za aina mbili, SATA na NVMe. Kasha la kuchomekea diski kwenye USB likiwa la SATA peke yake haliisomi NVMe, kwa hiyo ukienda kununua beba diski yenyewe mkononi. Na kuna laptop ambazo diski imechomelewa kwenye bodi, MacBook za miaka ya karibuni na zile za bei nafuu zenye eMMC. Hizo mpaka bodi ifufuliwe kwanza. Akikwambia mtu anakutolea diski ya MacBook mpya kwa bisibisi, anakupotezea muda.

Mimi nililipa elfu arobaini kutoa mafaili na kupiga Windows, betri mpya mbali. Ni mara mbili ya bei ya duka la kwanza, na tulipatana kabla hajashika bisibisi. Analipwa taslimu au kwa simu. Namba yake siweki hapa kwa kuwa sikumwomba ruhusa, ila ukifika nyuma ya Soko la Majengo ukauliza fundi laptop wa vizibo vya soda utaonyeshwa. Nenda asubuhi, mchana foleni inakuwa ndefu. Jumamosi usijisumbue, ni Msabato.