Lita 60 za maji na hakuna hata kikombe: uzoefu wangu na gari la kukodi lenye hema, Chogoria

Tangi limejaa lita 60, bomba limekauka. Taa ya hema, lililo juu ya paa la gari, haiwaki, na chini ya ngazi ni mapito ya nyati. Hivyo ndivyo gari hili lilivyotulaza usiku wa kwanza msituni, na chanzo chake ni waya mmoja mwembamba ambao fundi yeyote wa umeme wa magari angeubadilisha asubuhi moja. Naanza na hukumu kabisa: msilikodi.

Bei, ukubwa wa hema na orodha ya vyombo mtaviona kwenye tangazo lao. Mimi nataka kueleza betri ya pili, kwa sababu kila kitu cha nyumbani katika gari hili kinaitegemea: friji, taa, pampu ya maji, soketi ya simu. Betri ya kwanza ni ya kuwashia injini tu. Mpango huo ni mzuri, maana hata friji ikinyonya betri usiku kucha, asubuhi gari linawaka. Lakini betri ya pili lazima ichajiwe na altaneta, mashine ya injini inayozalisha umeme, mkiwa njiani, na hii haikuwa ikichajiwa.

Tulipiga kambi karibu na lango la Chogoria, upande wa mashariki wa Mlima Kenya, kimo cha mita 2,950. Baridi ya huko usiku ni friji tosha. Chakula chetu hakikuharibika hata kidogo. Friji ya lita 40 ya aina ile hunyonya ampea 4 hivi kompresa ikizunguka, na kwenye baridi kompresa huzunguka kwa nadra. Betri ya ampea-saa 100 (kipimo cha umeme inaohifadhi) iliyojaa ingeibeba usiku kucha, pamoja na taa, na bado ibaki. Hii ilizima kabla ya saa tatu usiku. Mtu anayejua umeme wa gari hahitaji kuambiwa zaidi: betri ilifika mlimani ikiwa karibu tupu, baada ya saa nyingi za injini kunguruma kutoka Nairobi.

Kulipokucha nikatoa mita ya kupimia volti. Injini ikiwa imewashwa, betri ya mbele ilisoma volti 14.2. Ya nyuma ilisoma 12.9. Volti 1.3 zimepotelea njiani! Nikaufuata waya. Ni wa milimita za mraba 2.5, ule ule unaotumika kwenye soketi za ukutani, umevutwa mita 6 hivi kutoka kwenye boneti hadi nyuma. Waya wa hasi nao umefungwa kwa skrubu juu ya bati ambalo rangi yake haikukwanguliwa. Waya mwembamba kiasi hicho ukipitisha ampea 20 hupoteza karibu volti 0.9 peke yake. Zilizosalia zinaliwa na ile skrubu. Betri ya risasi na asidi haijai mpaka ipate volti 14 na zaidi kidogo. Ukiipa 12.9 itabaki nusu tupu hata uende nayo Mombasa na kurudi. Waya wa milimita za mraba 16 ungepoteza chini ya volti 0.2. Wangeweka huo, fyuzi karibu na kila betri, wakwangue rangi chini ya nati ya hasi, na mambo yangekuwa sawa.

Kwa atakayekwama vivyo hivyo, njia ya kujinasua ipo. Nyaya za jampa, zile za kuunganishia betri mbili, hazifiki nyuma, kwa hiyo zima kila kitu, ifungue betri ya pili, anza na hasi, uibebe hadi mbele ya gari na uiweke juu ya ubao. Ni nzito, karibu kilo 25, mtu asiiinue peke yake. Injini ikiwa imezimwa, iungeni kwa nyaya hizo na betri ya mbele, chanya kwa chanya, kisha hasi kwa hasi, vibanio visigusane. Washeni injini na muipandishe kidogo, mizunguko kama 1,200 kwa dakika, kwa saa moja na nusu. Asikae mtu ndani ya hema muda huo, maana moshi wa ekzosi unapanda juu. Haitajaa, ila mtapata taa na pampu za usiku mmoja.

Kabla ya hapo maji tuliyapata kwa kuchomoa mpira unaoingia kwenye pampu na kuushusha chini ya kiwango cha tangi, yakatiririka yenyewe. Sasa nauliza: tangi la maji la gari la kwenda porini linakosaje koki ya kawaida chini yake? Koki moja!

Hata hivyo gari hili nitalitendea haki. Barabara ya kutoka mji wa Chogoria hadi langoni inapita kwenye mianzi, na ikinyesha huteleza kama sabuni. Tulishusha upepo wa matairi hadi psi 20, gia nzito, namba mbili, bila kukanyaga breki kwenye mteremko, na gari halikukwama hata mara moja. Hema nalo ni zuri kwelikweli. Chini ya godoro wameweka wavu unaopitisha hewa, kwa hiyo godoro halikulowa kwa jasho la usiku, mradi uache dirisha wazi vidole viwili. Meko yana nguvu, ingawa kwa kimo kile maji yanachemka kwenye nyuzi 90 hivi, na maharagwe makavu yatawamalizia mtungi wa gesi. Bebeni githeri (mahindi na maharagwe) iliyokwisha kuchemshwa. Nikikumbuka jua la asubuhi likiingia hemani nasikia kulegea, nataka kusema likodini tu.

Halafu namkumbuka yule kijana wa ofisi ya wakodishaji. Nilimwonyesha picha za mita, zote mbili. Hakufungua boneti. Akasema, "Bosi, hiyo betri ni mpya. Nyinyi mnaacha taa zikiwaka, halafu mnalaumu gari." Betri ni mpya kweli, tarehe imepigwa juu yake, na hilo ndilo linaloniumiza zaidi. Betri inayokaa nusu tupu hushikwa na sulfeti kwenye sahani zake za risasi na kufa mapema. Wananunua mpya, wanaiua, wanamlaumu mteja, wanamkabidhi mwingine ufunguo.

Kwa hiyo anayelitaka aende na mita yake mwenyewe. Pale uwanjani kwao, kabla ya kulipa, washa injini dakika kumi, washa friji na taa zote, kisha gusa betri ya nyuma. Ikisoma 13.8 au zaidi, lichukue, nami nitakuwa wa kwanza kulirudia. Ikisoma chini ya hapo, usitie sahihi. Na kama umeshalipa na hawarudishi pesa, nunua jerikeni ya lita 20 na kila mtu awe na tochi yake kabla hamjaanza kupanda.